Sio kila tumbo linalouma lina vidonda

Kama kuna sentensi nimeisikia kliniki mpaka naiota usiku ni hii: "Daktari, mi nina vidonda vya tumbo." Unamuuliza ulipimwa lini, anakwambia sijapimwa ila najijua. Mwingine kaambiwa na muuza dawa, mwingine na shemeji yake, mwingine kajisomea mwenyewe kwenye simu saa nane za usiku huku tumbo linamkata. Kazi yangu ya kila siku ni magonjwa ya mfumo wa chakula na nakwambia wengi wa hawa ukiwapitisha kamera mdomoni mpaka tumboni kidonda hukioni. Wanaumwa kweli, sisemi wanadanganya, ila kinachowauma ni kitu kingine na dawa yake ni nyingine.

Shida inaanzia kwenye neno lenyewe. Kwenye lugha yetu tumbo ni kila kitu kuanzia chini ya mbavu hadi kwenye nyonga, na humo ndani kuna mfuko wa chakula, ini, nyongo, kongosho, utumbo mwembamba kama mita 6 hivi umekunjwakunjwa, utumbo mpana kama mita moja na nusu, bado hujaweka kibofu na kwa wanawake mfuko wa uzazi. Kwa hiyo ukiniambia tu tumbo linauma ni sawa na kumwambia fundi gari linapiga kelele. Ndo maana swali langu la kwanza huwa dogo sana: hebu weka kidole pale panapouma. Kuna anayeweka kidole kimoja chini ya chembe cha moyo, kuna anayegusa kulia chini ya mbavu, kuna anayezungusha kiganja tumbo zima, na hapo tayari nimeshajua nianzie wapi.

Tuanze na hivyo vidonda maana ndo vinatajwa sana. Sababu kubwa ni mbili tu. Moja ni bakteria anaitwa Helicobacter pylori, ya pili ni dawa za maumivu. Zamani hata sisi madaktari tuliamini vidonda vinaletwa na mawazo na pilipili, mpaka Waaustralia wawili, Robin Warren na Barry Marshall, wakaja kusema hapana, kuna mdudu humu ndani. Watu wakawa wagumu kuamini, basi mwaka 1984 Marshall akanywa mwenyewe kikombe cha hao bakteria! Siku chache baadaye akaanza kutapika, na walipomchunguza wakakuta ukuta wa tumbo umevimba na bakteria wamejaa. Mwaka 2005 wote wawili wakapewa tuzo ya Nobel. Usijaribu nyumbani.

Ila sasa sikiliza hapa maana ndipo watu wanapochanganya. Karibu nusu ya watu duniani wanaye huyo bakteria na wengi wao hawatapata kidonda maisha yao yote, kwa hiyo kipimo kikisema unaye haimaanishi una vidonda. Halafu kile kipimo cha damu kinachotafuta kinga kinaweza kusoma positivu hata kama bakteria alishaondoka zamani. Kipimo cha choo au cha kupuliza pumzi ndo kinakuonyesha hali ya sasa, lakini kabla ya kupima inabidi uwe umeacha omeprazoli (ile dawa ya kupunguza asidi tumboni) angalau wiki 2 na antibaiotiki wiki 4, la sivyo majibu yanaweza kukudanganya kwamba huna. Na ukipewa dozi, mara nyingi ni siku 14 za dawa kadhaa kwa pamoja, ni vidonge vingi na mdomo unakuwa mchungu najua, watu siku ya tano wakijisikia nafuu wanaacha na bakteria anabaki ameshazoea dawa. Maliza. Kisha rudi upime tena wiki 4 au zaidi baada ya kumaliza, hii hatua karibu kila mtu anairuka.

Upande wa dawa za maumivu, nazungumzia diklofenaki, ibuprofeni, aspirini na ndugu zao. Zinapunguza ile kemikali inayoufanya ukuta wa tumbo ujitengenezee ute wa kujikinga na asidi. Na usidhani ukichomwa sindano umekwepa, maana dawa inazunguka kwenye damu na kufika kule kule. Mtu anaumwa mgongo miaka 3, anameza diklofenaki kama karanga, halafu analalamikia pilipili. Pilipili inaweza kukuwasha kama tayari una shida, ila kidonda haikuchimbii.

Kiungulia ni kitu kingine kabisa ingawa nacho kinabatizwa vidonda. Chini ya umio, yaani bomba linaloshusha chakula kutoka kooni hadi tumboni, kuna msuli wa mviringo unaofungua chakula kikishuka na kufunga kikishapita. Ukilegea, asidi inapanda juu kwenye ngozi laini ambayo haijatengenezwa kuivumilia, unasikia moto kifuani, maji machungu kooni, wengine wanakohoa usiku bila mafua. Hapa mazoea yanafanya kazi kubwa: ule ushibe kiasi, kaa kama masaa 3 kabla ya kulala, lalia ubavu wa kushoto, punguza uzito kama umezidi. Na kunyanyua kichwa sio kurundika mito, mito inakukunja kiunoni na kuliminya tumbo vizuri zaidi. Weka kitu imara chini ya miguu ya kitanda upande wa kichwani, sentimita 15 mpaka 20, mwili wote uwe mteremko. Mwenza wako atalalamika siku mbili tatu atazoea. (Maumivu ya kifua yanayokuja na jasho, kukosa pumzi au kusambaa mkononi na tayani hayo msiyaite kiungulia, kimbieni hospitali, huo unaweza kuwa moyo.)

Na omeprazoli jamani. Watu wanaimeza baada ya kula wakisikia moto, wanasema haifanyi kazi. Ile dawa inazima pampu za asidi pale zinapoamka, na zinaamshwa na chakula, kwa hiyo imeze nusu saa mpaka saa moja kabla ya kula. Kingine, ukiitumia miezi mingi ukaacha ghafla, asidi inarudi kwa fujo kwa wiki moja mbili hivi, unadhani ugonjwa umerudi, unaanza tena, na hivyo ndivyo mtu anajikuta ameimeza miaka bila kujua kwa nini. Ongea na daktari wako upunguze taratibu.

Choo kigumu. Kwanza sio lazima uende kila siku, kuanzia mara 3 kwa siku mpaka mara 3 kwa wiki ni kawaida kama kinatoka laini bila vita. Kazi ya utumbo mpana ni kunyonya maji, kwa hiyo kila unapobana kwa sababu uko kazini au choo cha ugenini hukipendi, kinazidi kukauka, kesho kigumu zaidi. Utumbo una tabia ya kuamka baada ya kula hasa asubuhi, utumie huo muda, kaa bila simu, weka miguu juu ya kistuli magoti yapande juu ya nyonga, njia inanyooka. Nyuzinyuzi mtu mzima anahitaji kama gramu 25 hadi 30 kwa siku ila ongeza polepole na maji, ukizivamia siku moja utajaa gesi halafu uje unilaumu mimi. Angalia na dawa zako, za kuongeza damu zenye madini ya chuma na zenye kodeini zinafunga choo sana. Hizi chai za kusafisha tumbo kila mwezi mi sina hamu nazo, nyingi ni dawa ya kuharisha iliyofungwa vizuri.

Kuna wale wa vipimo vyote safi lakini tumbo linasokota, linajaa, leo kuharisha kesho kufunga, wakienda chooni wanapata nafuu kidogo. Ikitokea angalau siku moja kwa wiki kwa miezi 3 tunafikiria IBS, yaani utumbo unaosumbuka kirahisi bila kidonda wala uvimbe. Utumbo na ubongo vina mawasiliano ya karibu sana na hapa yamekuwa makali kupita kiasi, maumivu ni ya kweli kabisa, sio kichwani mwako. Kabla ya hapo lakini jaribu kuacha maziwa wiki mbili, watu wazima wengi duniani hawana tena kimeng'enya cha kutosha cha kuyasaga na wanateseka bure.

Kuharisha nitasema kwa kifupi: kinachoua ni kupoteza maji na chumvi. Tumia ORS (ule unga wa chumvi na sukari unaochanganywa na maji), ukikosa chukua maji safi lita 1, sukari vijiko 6 vya chai na chumvi nusu kijiko, vyote vya kufuta juu, usizidishe chumvi. Mtoto aongezewe zinki siku 10 hadi 14 na aendelee kula na kunyonya. Antibaiotiki mara nyingi hazihitajiki, ila kukiwa na damu au homa kali, au mtoto amelegea na macho yameingia ndani, usikae nyumbani.

Sasa ambayo hayasubiri hata kidogo kwa mtu yeyote: kutapika damu, chakula kukwama kikishuka, kupungua uzito bila kukusudia, upungufu wa damu usio na maelezo, maumivu yanayokuamsha usingizini, dalili mpya kabisa baada ya miaka 50, au choo cheusi kinachonata kama lami chenye harufu kali. Hicho cheusi ni damu iliyosagwa imetoka juu, ingawa vidonge vya madini ya chuma navyo vinatia weusi, kwa hiyo ukija njoo na dawa zako zote kwenye mfuko, hata zile za kienyeji ambazo hukutaka niziulize.