Sale la msamaha, mpaka wa kihamba na kaburi

Ukipita kwenye vihamba, yaani mashamba ya ukoo yanayozunguka nyumba, vya Marangu, Kilema, Machame au Old Moshi huku Kilimanjaro, utaliona sale kila mahali: shina jembamba lenye makovu ya majani mithili ya pete, na kichwani kishungi cha majani marefu yanayong'aa. Wataalamu wa mimea huliita Dracaena fragrans. Wachagga huliita isale, na kwao lina kazi tatu. Linaonyesha mpaka wa kihamba. Linasimama kaburini. Na mtu aliyemkosea mwenzake hulichukua akaenda nalo kuomba msamaha, na kwa desturi aliyeletewa sale halikatai.

Nawaandikia wazee wa usharika, viongozi wa jumuiya na wakubwa wa ukoo wanaoitwa kusuluhisha ugomvi wa mpaka. Kazi hizo tatu siku hizi zinatenganishwa, na anayeumia mara nyingi ni mjane na watoto wake.

Mambo huwa hivi. Baba wa nyumba anazikwa kihambani. Kabla hata udongo wa kaburi haujatulia, masale ya upande mmoja yamesogea hatua mbili. Mjane akilalamika, wanakuja watu wazima na sale mkononi. Wanaongea kwa upole, anasomewa neno la kusamehe, watu wanakunywa chai, wanaaga. Mpaka unabaki pale ulipohamishiwa. Kwa kuwa sale halikataliwi, mama huyu amefungwa mdomo mbele ya mashahidi, na akiendelea kudai ataitwa mkaidi. Msimamo wangu ni kwamba sale la msamaha lisipokewe kabla sale la mpaka halijarudi mahali pake, na mchungaji au padri asikubali kuombea mapatano kabla ya hapo.

Maandiko yako wazi kuliko tunavyoyahubiri. Kumbukumbu la Torati 27 inamweka anayeondoa mpaka wa jirani yake miongoni mwa waliolaaniwa. Mithali 23 inataja mpaka wa kale na mashamba ya yatima katika mstari mmoja, halafu inaonya kwamba yatima hao wana Mkombozi hodari. Katika Luka 19 Zakayo hakuishia kusikitika, alitaja kiasi: nusu ya mali kwa maskini, na mara nne kwa kila aliyemnyang'anya. Mathayo 5 nayo tumezoea kumsomea aliyekosewa, kumbe anayeambiwa aache sadaka yake madhabahuni aende kupatana ni yule ambaye ndugu yake ana neno juu yake. Safari ni ya mkosaji.

Sasa tuje kwenye ukaguzi wenyewe, maana hapa ndipo usuluhishi mwingi unapoharibika. Nendeni mchana, pande zote mbili ziwepo, pamoja na majirani wanaopakana na kihamba hicho juu na chini. Wanawake wa nyumba husika wasimame mpakani, wasiachwe jikoni: mara nyingi wao ndio wanaokata majani ya ng'ombe kwenye mstari huo kila siku na wanalijua kila shina. Mmisionari Bruno Gutmann, aliyetumwa na Misheni ya Leipzig akakaa Old Moshi miaka mingi, mwaka 1926 alichapisha kitabu kizima juu ya sheria za Wachagga, na alishikilia kwamba kanisa huku lijengwe juu ya ukoo, ujirani na rika. Hao hao ndio mashahidi wa mpaka.

Kisha inameni mtazame mashina. Sale la zamani huwa nene karibu na ardhi, lina matawi kadhaa yaliyotoka mahali palipokatwa miaka iliyopita, na mizizi yake imesukana na ya jirani yake hivi kwamba huwezi kulitikisa. Lililohamishwa hutikisika kwa mkono mmoja. Udongo unaolizunguka ni laini na una rangi mchanganyiko, kwa sababu udongo wa chini umepandishwa juu. Rudini mahali mstari unapodaiwa kuwa ulikuwepo, mchimbe sentimita 20 hadi 30. Masale hayang'oki yote: visiki na mizizi minene hubaki ardhini, na visiki hivyo mara nyingi huchipua tena mvua inayofuata. Angalieni pia vitu visivyohama, yaani mfongo (mfereji wa jadi wa maji), mawe makubwa, au mti wa zamani kama mruka au mringaringa. Pimeni kwa futi kamba kutoka kitu cha aina hiyo, andikeni namba, pigeni picha.

Muhtasari uandikwe hapo hapo, uwe na vipimo, tarehe na sahihi za pande zote na mashahidi. Mkishindwana, Baraza la Ardhi la Kijiji lipo kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999. Lina wajumbe saba, watatu wakiwa wanawake, na kazi yake ni kupatanisha. Sheria hiyo hiyo, kifungu cha 20, inabatilisha mila yoyote inayomnyima mwanamke, mtoto au mwenye ulemavu haki ya kumiliki, kukaa au kutumia ardhi. Mzee wa kanisa anayemwambia mjane kwamba kihamba ni cha wanaume anakosea mbele ya sheria kama anavyokosea mbele ya Mungu.

Mpaka ukishakubaliwa, upandwe siku hiyo hiyo kama mvua ipo. Majira mazuri ni mwanzo wa masika, kati ya mwishoni mwa Machi na Aprili, au vuli ya Novemba. Msing'oe masale yaliyosogezwa na kuyarudisha mazima, kwani mizizi imeshaumia mara moja. Kateni vipande vipya kutoka kwenye shina lililokomaa, unene wa kidole gumba au zaidi, urefu wa sentimita 50 hadi 60. Panga liwe kali ili shina lisipondeke. Kata upande wa chini mshazari na wa juu bapa, ndipo hamtachanganya, kwa sababu kipande kilichopandwa kichwa chini hakitoi mizizi. Ondoa majani yote isipokuwa machache ya kileleni. Kilaze kivulini siku moja au mbili ili jeraha likauke, na kama mnataka kupanda siku ya mapatano, basi vikatwe kabla.

Toboa shimo la sentimita 20 kwa mtaimbo, zamisha theluthi ya kipande, kanyaga udongo pembeni mpaka ushike. Pengo la mita 3 linahitaji vipande 8 hivi. Andaeni 12, vinavyobaki vipandwe kivulini vya kuzibia pengo. Mwagilia lita 2 kwa kila kimoja, halafu mara mbili kwa wiki mvua isiponyesha. Tandaza majani makavu ya migomba, ila yasiguse shina, acha nafasi ya kiganja. Kinachoua vipande vingi ni kuoza shingoni, na kuoza huko huletwa na matandazo yaliyosongamana, maji yaliyotuama, au samadi mbichi. Samadi isubiri majani mapya, na iwe imeoza kabisa, koleo moja kwa shina. Upande wa chini, kuelekea Moshi mjini, jua huunguza ncha za majani, basi panda penye kivuli cha mti. Sale kwa asili ni mmea wa chini ya msitu.

Kuna sababu nyingine ya kuuharakisha mstari huo. Kwenye mteremko, safu ya masale hupunguza mbio za maji na kuzuia udongo na majani yaliyooza yasiondoke. Ukiikata, masika ya kwanza tu maji hufungua mfereji, udongo wa juu unashuka kwa jirani wa chini na kuujaza mfongo ambao nyumba nyingi zinautegemea. Dhambi ya mtu mmoja inalipwa na kijiji kizima kwa majembe ya kuzibua. Ndiyo maana siwezi kuuita ugomvi wa mpaka jambo la familia mbili peke yake.

Kaburini, kosa la kawaida ni kupanda sale juu ya tuta siku ya maziko. Udongo ule umetoka chini, hauna rutuba, na utaendelea kutitia kwa miezi. Kipande kinazama, kinainama, kinakauka, na kwa mjane kuona sale la mumewe limekufa ni msiba wa pili. Panda kwenye udongo ambao haukuchimbwa, kwenye pembe nne, sentimita 60 kutoka ukingo wa shimo, ili hata saruji au marumaru yakija baadaye pawe na nafasi. Mgrivea na mparachichi vikae mbali, mizizi yake hupasua sakafu ya kaburi. Mashada ya plastiki na nyaya zake yaondolewe siku ya kuanua matanga, kabla hayajafukiwa na kukutana na jembe.

Wiki ya sita hadi ya nane mashahidi warudi mpakani na muhtasari wao. Wapime tena kutoka kwenye jiwe lile lile, wavute kila kipande taratibu: kilichoshika kina mizizi, kinachotoka kibadilishwe. Namba zikilingana, mkosaji aje na sale mkononi, na mama alipokee.