Amoksisilini inaponya kidonda cha tumbawe, ila mkosaji bado hajakamatwa

Kila nikisema kazi yangu ni magonjwa ya matumbawe, swali linalofuata ni lilelile: sasa huyo mdudu anaitwaje? Watu wanataka jina. Na mi ningependa kuwapa, ila ugonjwa huu ulioonekana mara ya kwanza Septemba 2014 karibu na Virginia Key, pale Miami, mpaka leo tunauita kwa dalili tu, ugonjwa wa matumbawe mawe kupoteza tishu, SCTLD kwa kifupi, na sababu ya kuuita hivyo ni kwamba kimelea chenyewe hakijathibitishwa.

Kwanza tuutenganishe na kupauka, maana siku hizi picha yoyote ya tumbawe jeupe ikirushwa mtandaoni watu wanasema limepauka. Tumbawe lililopauka bado lina nyama yake, limepoteza tu ule mwani mdogo unaoishi ndani ya seli zake na kulilisha, ukisogea karibu unaiona ile nyama kama kioo juu ya mfupa, na maji yakipoa mapema linaweza kurudi. Kwenye SCTLD nyama yenyewe ndo inabanduka. Unakuta mstari kabisa: huku kahawia ya kawaida, huku mfupa mtupu mweupe, ukirudi baadaye mstari umehama na ule mfupa wa mwanzo umeshaota majani ya kijani. Tumbawe kubwa lililochukua mamia ya miaka kukua linaweza kuisha ndani ya wiki au miezi.

Na hauchagui ovyo. Spishi zaidi ya 20 zinaugua, lakini Dendrogyra (yale ya nguzo), Meandrina na Dichocoenia ndo huwa za kwanza, halafu yale yenye mikunjo kama ubongo, halafu Montastraea cavernosa ambayo inaugua polepole kidogo. Acropora, yale yenye matawi, ambazo zilishapigwa vibaya na ugonjwa mwingine kabisa tangu miaka ya 1980, huu umeziruka. Kwa nini? Natamani sana hilo swali lipate watu wengi kama lile la jina la mdudu, kwa sababu linaweza kutufikisha mbali zaidi.

Tukija kwenye darubini sasa, ambako ndo nashinda. Unachukua kipande cha ukingo wa kidonda, unayeyusha mfupa kwa asidi, unakata tishu nyembamba sana, unaipaka rangi. Ungetegemea uharibifu uanzie juu, kwenye ngozi inayogusa maji, si ndiyo? Hapana. Kazi iliyotoka Florida mwaka 2020 ilionyesha seli zinaanza kufa safu ya ndani, ile inayobeba mwani, na uozo unapanda kuelekea juu, kwa hiyo sehemu unayoiona nzima kwa macho inaweza kuwa imeshaharibika kwa chini. Ndo maana wengine wakauliza, je anayeugua kwanza ni tumbawe au ni mwani wake? Mwaka 2021 zikaonekana chembe ndefu zinazofanana na virusi ndani ya huo mwani na watu wakachangamka kweli, lakini baadaye chembe za aina hiyo zikakutwa kwenye matumbawe yasiyo na ugonjwa wowote, hata bahari nyingine kabisa, basi stori ikawa ngumu tena.

Halafu kuna amoksisilini, antibayotiki ileile ya kuua bakteria wanayopewa watu, na hapa ndo huwa nabishana na watu. Poda ya dawa inachanganywa kwenye ute mzito uliotengenezwa maalumu, inajazwa kwenye bomba la sindano, mzamiaji anashuka nayo na kuibandika kwa kidole kufuata ule mstari wote, nusu juu ya nyama nusu juu ya mfupa, na dawa inatoka taratibu kwa siku kama 3. Kwa Montastraea cavernosa vidonda vingi vinasimama palepale. Mtu akiona hivyo anasema basi imeisha, ni bakteria. Hapana, subiri kwanza! Tishu iliyokufa kwa sababu yoyote ile inavamiwa na bakteria, na ukiwaua hao wavamizi kidonda kinaweza kusimama hata kama aliyekianzisha ni mwingine. Bakteria Vibrio coralliilyticus kwa mfano amekutwa kwenye baadhi ya vidonda vinavyokimbia zaidi, ila sio vyote, hiyo kwangu ni sura ya mtu anayezidisha moto, sio lazima awe aliyeuwasha. Tena dawa haikingi, tumbawe lilelile linaweza kutoa kidonda kipya upande wa pili na mzamiaji arudi tena.

Kwa upande wa kuenea tunajua zaidi. Kwenye matangi ya maabara kipande kigonjwa kinaambukiza kizima kwa kugusana, na hata kwa maji tu bila kugusana, mchanga na tope navyo vinabeba. Mwaka 2018 ugonjwa ulikuwa umeshafika Mexico, 2019 Visiwa vya Virgin vya Marekani, 2021 Dry Tortugas (visiwa vya mwisho kabisa vya Florida), 2023 kisiwa cha Bonaire kusini mwa Karibiani, na mikondo peke yake haielezi miruko yote hiyo, kwa hiyo macho yapo kwenye meli na maji ya balasti, yale zinayobeba tumboni ili zisiyumbe. Wazamiaji nao wanaambiwa wasafishe vifaa kwa dawa ya klorini kabla ya kuhamia mwamba mwingine.

Kinachonifurahisha kwa sasa ni probayotiki, yaani kutumia bakteria wazuri kupambana na ugonjwa. Watafiti wa kituo cha bahari cha taasisi ya Smithsonian pale Fort Pierce, Florida, walichukua bakteria aitwaye McH1-7 kutoka kwenye tumbawe lililokuwa limegoma kuugua, wakamjaribu maabara, na kwenye matokeo ya 2023 ugonjwa ulipungua kasi au ulisimama kwa vipande 15 kati ya 22. Baharini wanalifunika tumbawe zima kwa mfuko wa plastiki wenye uzito chini, wanapiga sindano ya maji yenye hao bakteria ndani, wanaliacha kwa saa kadhaa halafu wanaufungua. Tofauti na amoksisilini, hapa unatibu tumbawe zima na huzalishi usugu wa dawa za watu, na kama ningekuwa na pesa ya kugawa mimi, ningeiweka nyingi huku hata kabla huyo mkosaji hajapata jina.