Je, wajua kwa nini kompyuta kuukuu ya ofisini huweza kuishinda mpya darasani?

Chukua kompyuta mbili za mezani, uziweke ubavu kwa ubavu. Ya kwanza ni mpya, ya bei ya chini, bado ina nailoni kwenye skrini, na ndani yake imewekwa diski ya kuzunguka. Ya pili imetumika ofisini miaka mitano, imekwaruzika, kisha fundi akaitoa diski yake ya zamani, akaweka SSD (diski ya chipu, isiyozunguka) na kuiongezea RAM (kumbukumbu ya muda inayobeba kazi zilizofunguliwa). Ziwashe pamoja. Ile yenye makovu itafika kwenye skrini ya kufanyia kazi wakati mwenzake bado anazungusha kiduara.

Kwa shule, tofauti hiyo ni kubwa kuliko inavyoonekana. Kipindi cha dakika 40 kikipoteza dakika 5 kusubiri mashine ziamke, sehemu moja ya nane ya somo imekwisha kabla mwalimu hajasema neno. Inapotea hivyo kila kipindi, muhula mzima.

Siri iko kwenye diski. Diski ya kuzunguka ni sahani ngumu iliyopakwa tabaka la sumaku, na juu yake kuna mkono mwembamba wenye kichwa cha kusomea. Wazo hili ni la mwaka 1956, IBM ilipotoa mashine ya kwanza ya aina hiyo, na umbo lake la msingi halijabadilika. Diski nyingi za kompyuta za mezani huzunguka mara 7,200 kwa dakika, yaani mara 120 kwa sekunde. Inasikika kama kasi kubwa. Lakini kompyuta ikitaka kipande cha data, mkono husogea kwanza hadi kwenye mstari wake, kisha husubiri sahani ikilete kipande hicho chini ya kichwa. Kusogea na kusubiri kwa pamoja huchukua kama milisekunde 12. Gawanya sekunde moja kwa hizo milisekunde 12, utapata safari zisizofika 90. Sasa fikiria kwamba kompyuta inapowaka huomba maelfu ya vipande vidogo vilivyotawanyika kila pembe ya sahani.

SSD haina mkono wala sahani. Ni chipu pekee, na kipande chochote hufikiwa kwa sehemu ndogo tu ya milisekunde moja, popote kilipo. Ndiyo maana kubadilisha diski peke yake huifanya mashine ya zamani ionekane imezaliwa upya, ilhali prosesa, chipu inayofanya hesabu zote, ni ileile.

RAM nayo inaingia kwenye hesabu hii. Ikijaa, mfumo huanza kuhamishia sehemu ya kazi kwenye diski na kuirudisha inapohitajika. Kwa hiyo mashine yenye RAM ndogo na diski ya kuzunguka huadhibiwa mara mbili: inalazimika kukimbilia diski kila mara, na diski yenyewe ni mzee anayetembea. GB 4 zilitosha zamani. Leo kivinjari chenye kurasa chache kinaweza kuzimaliza. Mimi nisingekubali chini ya GB 8 kwa darasa linalotumia intaneti.

Prosesa, ambayo ndiyo muuzaji huitaja kwanza, ningeiweka ya tatu. Kuandika barua, kupanga majedwali, kujifunza kuandika programu kwa Scratch au Python, kusoma mtandaoni: hakuna kati ya hizo inayoichosha prosesa ya kawaida ya ofisini. Wanaohariri video au kuchora majengo ni habari nyingine, na hao wanunuliwe mashine zao chache zenye nguvu.

Lakini kasi ni nusu ya jibu. Nusu ya pili ni kufunguka.

Lile sanduku ambalo wengi wetu huliita CPU (CPU yenyewe ndiyo hiyo prosesa, kipande kidogo ndani yake, si sanduku) lilipotengenezwa kwa ajili ya ofisi, lilitengenezwa likimfikiria fundi mwenye mashine mia tatu za kutunza. Familia kama OptiPlex ya Dell, EliteDesk ya HP na ThinkCentre ya Lenovo zina matoleo mengi ambayo kifuniko chake hutoka kwa kubonyeza au kwa skrubu moja, diski hukaa kwenye kitako cha kuchomoa, na RAM hubanwa kwa klipu. Mwalimu makini, akiwa amezima na kuchomoa waya wa umeme, anaweza kujifunza kubadilisha vipande hivyo kwa mchana mmoja.

Linganisha na mashine ambazo RAM yake imechomelewa moja kwa moja kwenye ubao mama, yaani bodi kuu inayobeba vipande vyote, au zile zilizofichwa zote nyuma ya skrini. Zinapendeza mezani, sikatai. Ila skrini ikipasuka kompyuta nzima inatoka darasani, na RAM ikiwa ndogo itabaki ndogo hadi siku ya kutupwa.

Hapa ndipo ningeisihi shule inunue mashine za modeli moja. Ukiwa na ishirini zinazofanana kabisa, iliyokufa huwa ghala la vipuri: feni yake inaingia kwa jirani, RAM yake kwa mwingine. Fundi huandaa mfumo na programu kwenye moja, kisha hunakili diski hiyo kwenda kwa zote. Ukiwa na ishirini za aina kumi, kila tatizo ni jipya. Na kuna mtego wa kuujua: sehemu inayogawa umeme ndani ya masanduku madogo ya ofisini mara nyingi ina umbo la kampuni hiyo peke yake, haiingiliani na ya kampuni nyingine. Kununua mbili zaidi ya idadi ya viti, kwa ajili ya vipuri tu, si ufujaji.

Si kila kuukuu inafaa, hata hivyo. Microsoft ilikomesha msaada wa kawaida wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inadai chipu ya usalama ya TPM 2.0 pamoja na prosesa iliyomo kwenye orodha yake. Kwa prosesa za Intel, hiyo kwa kawaida ni kuanzia kizazi cha nane, kilichoanza kutoka mwaka 2017. Mashine ya kabla ya hapo bado ina maisha ukiiwekea Linux, mfumo mwingine badala ya Windows, kwa matoleo kama Ubuntu au Mint, ambayo hayalipiwi. Amueni hilo kabla ya kununua, kwa sababu programu ambayo mtaala wenu unaidai huenda inaendeshwa na Windows pekee.

Upande wa umeme, hesabu ni fupi lakini inauma. Sanduku kubwa la zamani pamoja na skrini vinaweza kula wati 100. Sanduku dogo na skrini ya LED huweza kutosheka na 50. Kwa mashine 40 zinazofanya kazi saa 6, hiyo ni kilowati-saa 24 dhidi ya 12, kila siku ya masomo. Umeme ukikatika, kompyuta ya mezani huzimika papo hapo na kazi ya mwanafunzi huondoka nayo, isipokuwa kuna UPS (kifaa chenye betri kinachoshikilia umeme kwa muda). Hapa kompyuta mpakato (laptop) inashinda kwa betri yake. Lakini betri hiyo huchakaa baada ya kuchajiwa mara mia kadhaa, na kibodi ya mpakato ikimwagikiwa maji si kitu cha kuchomoa na kuweka nyingine.

Mwisho, mkinunua zilizotumika, nunueni pia pakiti ya betri ndogo za CR2032, zile za duara za volti 3. Karibu kila ubao mama wa kompyuta ya mezani una moja, nayo ndiyo huilinda saa ya mashine umeme unapokosekana. Ikiisha, kompyuta huamka ikidhani ni mwaka wa nyuma sana. Kila tovuti salama hubeba cheti chenye tarehe ya kuanza na ya kuisha, na mashine iliyopotea kwenye kalenda hukiona cheti hicho hakijaanza kutumika, hivyo inakataa kufungua ukurasa. Darasa zima hulaumu mtandao, hata kipanga njia (router) huzimwa na kuwashwa, kumbe kinachotakiwa ni kufungua kifuniko, kubadilisha betri na kuandika tarehe ya leo.