Je, wajua kwa nini lugha ya C haipigi kelele ikikosea?

Ukisimama ufukweni Ngomeni, kaskazini ya mji wa Malindi, utaiona mitambo ya chuma imesimama baharini. Waitaliano waliiweka kurushia roketi, na hapo ndipo setilaiti iliyoitwa Uhuru ilipopaa tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ikitimiza miaka 7 ya uhuru. Roketi ya mwisho iliondoka 1988. Mpwa wangu, ambaye siku hizi anajifunza kuandika programu, aliitazama mitambo hiyo akaniuliza: "Mjomba, roketi ikiwa angani na programu ikakosea hesabu, inafanya nini?"

Jibu linaanzia chini, kwenye prosesa. Iambie chipu ya Intel igawanye namba nzima kwa sufuri: itakataa, itasimamisha programu na kuukabidhi mfumo wa kompyuta jambo hilo. Ukiwa kwenye Linux, mmojawapo wa mifumo hiyo, programu huuawa papo hapo. Iambie chipu ya ARM ya biti 64, kama iliyomo kwenye simu nyingi za mifukoni mwetu, nayo itajibu sufuri na kuendelea na safari kana kwamba hakuna kitu. C, lugha ya kuandikia programu aliyoiunda Dennis Ritchie kule Bell Labs, maabara ya Marekani, mwanzoni mwa miaka ya 1970, imekusudiwa kukaa karibu na chipu, iwe chipu gani. Kwa hiyo kanuni zake hazisemi kitatokea nini. Hilo limeachiwa mwandishi.

Sasa fikiria jahazi liko njiani kutoka Lamu. Nahodha amemtuma serahangi, msimamizi wa mabaharia, akaangalie ngama, yaani chini kabisa ya chombo; serahangi naye amemtuma baharia ashuke. Kila aliyetuma anangoja jibu. Ndivyo fanksheni, yaani vipande vya programu, zinavyoitana, na kila moja huacha alama kwenye rundo la kumbukumbu ili ijulikane pa kurudia. Baharia amekuta maji yamejaa. Habari itamfikiaje nahodha?

Kwa C, baharia hupanda na namba mkononi. Sufuri kwa kawaida ni salama, namba hasi ni balaa. Ndani ya Linux, ambayo sehemu yake kubwa ni C, kumbukumbu ikikosekana fanksheni hurudisha -12. Ni njia nyepesi, haina uchawi. Ila serahangi asipouliza, baharia hasemi! Anakaa kando na -12 yake, chombo kinaendelea, kisha kinazama mbali kabisa na pale maji yalipoingilia. Nimewahi kupoteza Jumamosi na Jumapili kwa sababu ya fopen moja, fanksheni ya kufungulia faili, niliyosahau kuikagua. Faili halikuwepo, ikarudisha NULL, yaani "hakuna kitu", nikaihifadhi hivyo hivyo, ikaja kuiangusha programu kwenye kona ambayo sikuigusa mwezi mzima.

C ina njia ya mkato pia, fanksheni mbili ziitwazo setjmp na longjmp. Nahodha huweka alama pale aliposimama, na baharia huruka kutoka ngamani hadi kwenye alama bila kumpitia serahangi. Ni haraka, lakini ndoo imebaki ngazini na kamba inaning'inia: kumbukumbu haikurudishwa, faili halikufungwa.

Lugha ya C++ ya Bjarne Stroustrup ikaja na eksepsheni kamili, yaani ukelele wa hitilafu. Baharia hupiga ukelele mmoja, na kila aliye njiani huweka chini alichoshika kabla ya kuondoka, mpaka apatikane aliyejitolea kulishughulikia tatizo. Kompaila, programu inayotafsiri maandishi yetu kwa lugha ya chipu, huandaa majedwali ya kazi hiyo mapema na kuyaweka pembeni, hivyo mambo yakienda sawa programu hailipi karibu chochote. Bili huja ukelele ukipigwa: majedwali yasomwe ngazi kwa ngazi, na muda wake ni mgumu kuukadiria. Kwa programu ya breki za gari, muda usiokadirika haukubaliki, ndiyo maana wengi wanaoandikia mitambo midogo huzima eksepsheni kabisa. Rust, lugha nyingine, iliyotoa toleo la 1.0 mwaka 2015, imerudi kwenye jibu la mkononi, ila limetiwa ndani ya bahasha. Hupati kilichomo bila kuifungua, na ukiitupa, kompaila inakuonya. Mimi hii ndiyo naipenda.

Mpwa wangu akaona yamekwisha: lugha yenye ukelele ni salama kuliko isiyo nao. Nikamsimulia Ariane 5, roketi ya Ulaya iliyorushwa Kourou, Guiana ya Ufaransa, tarehe 4 Juni 1996. Programu ya kupima mwelekeo wake ilirithiwa kutoka Ariane 4, nayo ilikuwa ya Ada, lugha yenye eksepsheni. Namba ya biti 64 ilitakiwa iingie kwenye nafasi ya biti 16, ambayo mwisho wake ni 32,767. Roketi mpya ilikwenda upande kwa kasi kubwa kuliko mtangulizi wake, namba haikuenea, na Ada ikapiga ukelele barabara.

Wahandisi walikuwa wamezikinga namba 4 kati ya 7 za aina hiyo, wakaziacha 3 ili prosesa isielemewe. Hii ilikuwa mojawapo ya zile 3. Kwa kuwa hakuna aliyewekwa kuudaka ukelele, kompyuta ilifuata agizo lake: ikajizima. Ya akiba ilikuwa na programu ile ile, na ilikwishajizima sehemu ya sekunde kabla. Kompyuta iliyokuwa inazimika ikatoa ujumbe wa kueleza hitilafu, na kompyuta kuu ikausoma kama vipimo vya safari, ikaigeuza midomo ya injini hadi mwisho. Hazikupita sekunde 40 hivi tangu safari ianze, roketi ikakatika vipande na setilaiti zake 4.

"Na hiyo hesabu ilikuwa ya nini?" akauliza.

Ya kusawazisha vipimo roketi ikiwa bado chini. Ariane 5 ikishapaa, haikuwa na kazi tena.