Mrehani Haufi kwa Kuchumwa

Nikiletewa mrehani uliokufa, mara nyingi nakuta mambo mawili: umenyweshwa kupita kiasi na haujachumwa vya kutosha. Mwenyewe anaupenda, na kwa kuupenda anauogopa. Basi anauficha kivulini, anaumiminia maji asubuhi na jioni, na hathubutu kuugusa kwa kisu.

"Ukiukata utakufa." Katika yote yanayosemwa juu ya mrehani, hili ndilo linaloniuma zaidi, maana mambo ni kinyume chake. Hebu lishike shina lake. Lina pembe nne, kama la mnanaa ambao ni ndugu yake, na majani yamekaa mawili mawili yakitazamana. Ndani ya kila kwapa la jani kuna chipukizi lililolala. Ncha ya juu ikiwapo, ndiyo inayolizuia lisiamke, na mmea unazidi kurefuka ukiwa mwembamba. Ikate ncha hiyo juu kidogo ya jozi ya majani, na baada ya siku chache yatatoka matawi mawili pale pale. Yakate na hayo, utapata manne. Anza mapema, mche ukiwa na jozi tatu au nne za majani. Kosa la wengi ni kuchuma majani makubwa ya chini na kuiacha ncha iende zake. Majani yale ndiyo yanayoulisha mmea. Na kwa mara moja usichukue zaidi ya theluthi.

Kina mama wa pwani hawakuhitaji kufundishwa haya. Mrehani wa uani ulikatwa jioni kwa jioni, rehani ikafungwa kwenye kikuba, kile kishada chenye kunukia cha kujipambia, pamoja na asumini na mkadi, na mmea ukazidi kuwa kichaka.

Maua nayo yana uzushi wake. Kuna wanaosema ni sumu, na kuna wanaofurahi wakiyaona kwa kudhani mmea sasa umenawiri. Si sumu, yanaliwa. Ila mrehani ukishashika kazi ya kutengeneza mbegu, majani mapya huwa madogo, shina hukakamaa kama kuni na ladha huingia uchungu. Kama unautaka kwa majani, kata kishada cha maua kabla hakijafunguka.

"Umenyauka, una kiu." Huenda. Lakini kabla ya kushika kata ya maji, chomeka kidole kwenye udongo. Ukikuta pakavu kwa kina cha sentimita mbili au tatu, mwagilia hadi maji yatoke chini. Ukikuta pamelowa, acha. Mizizi iliyozama majini hukosa hewa na kuoza, na iliyooza haiwezi kunyonya maji, kwa hiyo mmea unanyauka huku udongo umejaa tope. Mwenye mrehani anaona majani yamelegea, anaongeza maji mengine, na hapo ndipo anapoumaliza. Kopo la rangi au ndoo kuukuu inafaa kabisa kupandia, mradi itobolewe matundu chini.

Dhana ninayoiona ni ngumu kuliko zote ni hii: majani yakiwa ya njano, mmea una njaa, ongeza samadi. Upungufu wa naitrojeni upo kweli, na huanzia kwenye majani ya zamani, yakipauka kwa usawa. Lakini ukiona njano imekaa kwa mabaka, imezuiwa na mishipa ya jani, ligeuze jani. Ukikuta chini yake vumbi la kijivu lenye kuelekea zambarau, huo ni ubwiri vinyoya, ugonjwa wa majani unaofanana na ukungu, na mbolea haiuponyi. Ugonjwa huu uliripotiwa kwa mara ya kwanza huku kwetu, nchini Uganda, katika miaka ya 1930. Baada ya miongo mingi ukaonekana Uswisi mwaka 2001, na Florida, Marekani, mwaka 2007. Husafiri kwa mbegu na kwa upepo, na hustawi jani likilala limelowa. Ndiyo maana mimi humwagilia asubuhi, tena kwenye shina, siyo juu ya majani, na sipandi miche ikibanana. Jani lililougua litoe uani kabisa. Samadi nyingi, kwa upande wake, hukuza majani mapana yenye harufu hafifu. Mboji kidogo yatosha.

Jua letu si kali mno kwa mrehani. Unataka saa sita za jua au zaidi kwa siku, na ukiwekwa sebuleni hurefuka, hupauka na kupoteza harufu. Kinachoukausha mchana ni kopo dogo lisiloshika unyevu.

Je, chungu kimoja dirishani kinafukuza mbu? Wanaosema hivyo aghalabu wanauchanganya mrehani na kivumbasi, ambao ni wa ukoo mmoja nao lakini ni mmea mwingine, wenye harufu kali zaidi. Vipimo vilivyofanywa magharibi mwa Kenya mwanzoni mwa miaka ya 2000 vilionyesha kuwa mimea ya ukoo huu ikiwa hai kwenye vyungu huwapunguza mbu, lakini haiwamalizi. Mafuta yenye harufu yamo kwenye vifuko vidogo juu ya jani, na hutoka zaidi jani likifikichwa au kupashwa moto. Panda ukipenda, lakini usikunje chandarua.

Rehani iliyochumwa usiitie kwenye friji. Baridi ya chini ya nyuzi 10 huyageuza majani kuwa meusi. Isimamishe kwenye glasi ya maji mezani, nayo huenda ikatoa mizizi humo humo, uipande.

Mbegu usizifukie kwa kina. Ni ndogo, nyeusi, ni zile zile za kwenye faluda ya Mombasa na Unguja, na umeona zinavyovaa ute zikilowa. Ute huo huzishikia unyevu. Zinyunyize juu ya udongo tifutifu uliolowa, zifunike kwa udongo mwembamba usiofika nusu sentimita, na kwa joto letu zitachomoza ndani ya siku tano hadi kumi.