Kioo hakishiki? Cheki memori kwanza

Juzi nimeshinda Mwaloni, soko la samaki pale Kirumba Mwanza, toka asubuhi, sio kununua dagaa, nimekaa tu juu ya gunia nyuma ya meza ya mama mmoja mfanyabiashara namwangalia anavyotumia apu niliyomtengenezea ya kuandikia mizigo. Alikuwa ananipigia karibu kila siku, "mwanangu hii apu yako kioo hakishiki", na mimi kila nikiijaribu nyumbani kwenye simu yangu inashika vizuri kabisa, nikawa namwambia mama badilisha protekta. Akabadilisha, hali ikabaki vilevile. Hapo hela yake imeshaenda na iliniuma, ndo maana naandika hii, developa mwenzangu asije kumpotezea mtu hela kwa kubahatisha.

Nilichokiona pale ni hivi: anapima gunia, anapiga picha ya mzigo, anabonyeza Hifadhi, kimya. Anabonyeza tena, kimya, anabonyeza kwa nguvu mara ya tatu, halafu ghafla zinatokea rekodi tatu za gunia lilelile. Sasa fikiria, kioo kilichokufa hakiwezi kuhifadhi mara tatu! Kama kingekuwa hakishiki kusingekuwa na rekodi hata moja, kwa hiyo vidole vyake vilifika vyote, ila vilipanga foleni vikisubiri mlango ufunguliwe.

Mlango wenyewe ni tredi kuu, yaani njia kuu ambayo apu inafanyia kazi zake moja baada ya nyingine. Kwenye Android tredi hiyohiyo inayochora skrini ndiyo inayopokea miguso, na kama skrini inachorwa mara 60 kwa sekunde basi kila mchoro una kama milisekunde 16 tu. Ukiipa kazi nzito miguso haipotei, inasubiri, na kazi ikiisha yote inaingia kwa mpigo. Ikisubiri sekunde 5 bila kujibiwa ndo unaletewa lile tangazo kwamba apu haijibu.

Kazi nzito yangu ilikuwa picha. Nilikuwa naangalia ukubwa wa faili, naona megabaiti 3, nasema kitu kidogo hiki. Lakini faili la JPEG limebanwa, ukilifungua kwenye memori kila pikseli inakula baiti 4. Picha ya 4000 kwa 3000 ni pikseli milioni 12, zidisha kwa 4 unapata baiti milioni 48, kwa picha MOJA, na mimi naionyesha kwenye kibox kidogo cha upana wa kidole pembeni ya listi! Simu ya mama ina RAM ya giga 2 na WhatsApp iko wazi muda wote, yangu ina giga 8, ndo maana nyumbani sikuona kitu.

Dawa yake: weka inSampleSize (namba inayopunguza picha wakati wa kuifungua) iwe 4, picha inafunguka 1000 kwa 750 na inakula baiti milioni 3 tu, moja ya kumi na sita ya mwanzo, na ufunguaji wenyewe utoe kwenye tredi kuu. Au tumia Glide au Coil, maktaba za kufungulia picha, zikufanyie. Halafu kitufe kizime mara tu kinapobonyezwa, na kila rekodi ipewe namba yake kabla ya kuhifadhiwa ili ikirudiwa isihesabiwe mara mbili. Hili la mwisho nalisisitiza sana maana gunia moja likiandikwa mara tatu Mwaloni ni deni la mtu, watu wanagombana kweli.

Basi nikadhani nimemaliza. Kumbe asubuhi apu inaenda vizuri, ikifika saa sita mchana inaanza tena kugoma. Tatizo linalokua kadri siku inavyoenda mara nyingi ni memori kuvuja, nikachomeka simu kwenye laptopu nikaandika amri ya adb shell dumpsys meminfo na jina la apu, chini kuna sehemu inaonyesha idadi ya Activity (kurasa za apu) zilizo hai. Nilitegemea 1, nikakuta 9. Kosa ni kwamba nilisajili msikilizaji wa mzani wa Bluetooth (kipande cha programu kinachosubiri taarifa za mzani) ndani ya onCreate, pale Activity inapoundwa, na sikuwahi kumtoa, na simu ikigeuzwa tu upande Android inaunda Activity mpya, ile ya zamani inatakiwa ifagiliwe lakini bado imeshikwa na yule msikilizaji, na picha zake zote. Ni kama mtumbwi, hata mwenyewe akisema ameshaondoka, kamba ikiwa bado imefungwa gatini hauendi popote. Memori ikikaribia kujaa mfagiaji wa memori (GC) anafanya kazi mfululizo na tredi kuu inasimama kumsubiri, kwenye logcat, yaani kumbukumbu za mfumo, utaona maneno ya blocking GC Alloc, na huko nje mtu anasema kioo hakishiki. Sajili kwenye onStart, ukurasa unapoonekana, toa kwenye onStop, unapofichwa. LeakCanary, zana ya kutafutia uvujaji, itakuonyesha kamba imefungwa wapi.

Sasa yapo na matatizo ya kugusa yenyewe, na Mwaloni huwezi kuyakwepa kwa sababu ya maji. Kioo cha simu kinahisi mabadiliko ya umeme wake kidole kinapokigusa, na maji nayo yanaweza kuubadilisha, kwa hiyo tone la maji au kiganja kilicholowa kinaweza kuonekana ni kidole. Kwenye sehemu ya mteja kusaini mstari ulikuwa unaruka toka kona hadi kona, nikawasha Pointer location (inaonyesha kila mguso kwenye skrini) kwenye mipangilio ya madevelopa nikaona vidole viwili wakati mteja ametumia kimoja. Mimi nilikuwa nasoma getX(0), yaani kidole kilichopo nafasi ya kwanza, na cha kwanza kikiinuka cha pili kinahamia nafasi ile, mstari unaruka. Shika ID ya kidole kilichoanza, umfuate huyo tu mpaka mwisho.

Na usisahau ACTION_CANCEL, taarifa kwamba mguso umekatishwa, jamani. Kidole kikiteleza zaidi ya kama dp 8 (dp ni kipimo cha Android cha ukubwa kwenye skrini) listi inaona mtu anaskroli inamnyang'anya kitufe mguso, kitufe hakipati UP (kidole kimeinuka) kinapata CANCEL, na kama hukuishughulikia kinabaki kimekolea rangi kama kimebonyezwa. Kiwango cha kitufe ni dp 48, karibu milimita 9, mimi Hifadhi nimeipa 64 na nimeisogeza mbali na Futa.

Kilichobaki kilikuwa kamera. Akienda kupiga picha mfumo ulikuwa unaiua apu nyuma ili kupata memori, akirudi kilo alizoandika hazipo, na hii kwenye simu yenye memori kubwa unaweza usiione kabisa. Nikawasha Don't keep activities (inafunga kila ukurasa unapoondoka) nikaipata mara ya kwanza tu, nikaziweka kilo kwenye SavedStateHandle, sehemu inayotunza data hata apu ikiuawa na mfumo, kisha nikailazimisha apu ife kwa adb shell am kill nikiwa ndani ya kamera. Jana mama amepiga picha gunia 31 mikono imelowa, kilo zimerudi zote na hakuna rekodi iliyojirudia, ila anaomba maandishi yawe makubwa, jua la saa saba pale halimruhusu kusoma.