Je, wajua kwa nini mafuta yaliyomwagika Alaska mwaka 1989 bado yamo chini ya mawe?

Usiku wa kuamkia tarehe 24 Machi 1989 meli ya mafuta inaitwa Exxon Valdez iling'oa nanga bandari ya Valdez kule Alaska, jimbo la Marekani, ikaacha njia yake ya kawaida ili ikwepe mabarafu yanayoelea, na saa sita usiku na dakika chache ikapanda mwamba unaoitwa Bligh Reef. Matangi 8 kati ya 11 yakapasuka. Lita kama milioni 41 za mafuta ghafi zikaingia kwenye ghuba ya Prince William Sound, halafu siku ya tatu dhoruba ikapiga na kuyatawanya, mwisho wa siku karibu kilomita 2,100 za pwani zikachafuka.

Sasa stori hiyo wengi wanaijua. Wasichojua ni kwamba miaka mingi baadaye ukienda kwenye baadhi ya fukwe zile ukasogeza mawe na kuchimba kidogo tu, shimo linajaa maji yenye utando wa mafuta, tena yananuka. Kwa nini hayaishi jamani?

Jibu la haraka ni baridi, na kweli baridi inachangia kwa sababu bakteria wanaokula mafuta hufanya kazi polepole kwenye maji ya baridi. Ila hilo peke yake halitoshi. Kilichoyabakiza hasa ni ufukwe wenyewe ulivyojengwa. Pwani za kule si mchanga laini, juu kuna mawe makubwa na kokoto, chini yake kuna udongo mzito uliobanana. Mafuta yalipenya katikati ya mawe yakazama mpaka kwenye tabaka la chini, na yale mawe ya juu yakageuka kama ngao, mawimbi yanapiga yanarudi, chini hakuna kinachotikisika. Na kule chini maji yanapita kwa shida kwa hiyo oksijeni ni kidogo sana, bakteria wapo lakini hawana pumzi ya kumalizia kazi. Yaani ni kama umeweka chakula kwenye kopo ukakifunga.

Halafu kuna jambo la usafi, na hapa mi ndo huwa nachoka kabisa. Mwaka ule watu zaidi ya elfu 10 walipelekwa kusafisha, na njia mojawapo ilikuwa kupiga mawe kwa maji ya moto yenye presha kubwa. Kwa macho mawe yanang'aa, picha nzuri, lakini maji ya moto yaliua mwani, chaza na vijidudu vilivyonusurika na mafuta! Bahati nzuri kuna sehemu chache ziliachwa makusudi bila kuoshwa ili wataalamu walinganishe, ikaonekana viumbe wa zile zilizooshwa kwa maji ya moto ndo walichelewa zaidi kurudi.

Wanyama nao walikufa kwa wingi wa kutisha, ndege wa baharini wanakadiriwa 250,000 na fisi maji wa baharini kama 2,800. Fisi maji huyu hana mafuta mazito chini ya ngozi kama sili, joto lake lote liko kwenye manyoya, ambayo ni mengi kuliko ya mnyama mwingine yeyote duniani na yanashika hewa ndani. Yakilowa mafuta yanagandamana, maji ya baridi yanafika kwenye ngozi, basi. Na hata aliyepona bado alikuwa hatarini maana chakula chake ni chaza wanaojizika ufukweni, anachimba palepale mafuta yalipojificha. Ndo maana idadi yao kwenye sehemu zilizoathirika zaidi ilichukua kama robo karne kurudi ilivyokuwa. Kuna kundi la nyangumi wauaji wanaloliita AT1, lilikuwa na nyangumi 22, likapoteza 9 baada ya ajali, na tangu mwaka 1984 halijapata ndama hata mmoja aliyeishi, kwa hiyo hilo ni kundi linalosubiri kuisha tu.

Ajali hiyo ilileta sheria, mwaka 1990 Marekani ikapitisha sheria ya uchafuzi wa mafuta, na meli za mafuta zikalazimika kuwa na kuta mbili badala ya moja, za ukuta mmoja zikaondolewa taratibu mpaka 2015. Kwangu mimi hiyo ndo sehemu iliyosaidia kuliko mabomba yote ya maji ya moto. Ila hatari haijaisha: kwenye bahari ya Aktiki, ile ya kaskazini kabisa mwa dunia, katazo la meli kutumia na kubeba mafuta mazito kama nishati yake limeanza Julai 2024, ila kuna meli zimepewa ruhusa kuendelea mpaka Julai 2029, na barafu ikizidi kupungua njia za huko ndo zinazidi kupitika.